Eti nina ajira, kwa hiyo nina hela!

Mwenzenu nilipotea wiki tatu nzima na wala si kwa raha. Mliokuwa mnanitafuta kwa ajili ya visheti vya Jumatatu mnisamehe, nilikuwa nakimbizana na ada. Mnajua tena, mitihani ya muhula hiyo inakuja na chuo chetu hakina utani: hujamaliza ada, hupewi kadi ya mtihani. Nimemaliza jana saa tisa alasiri. Kilichobaki kwenye simu yangu ni shilingi 3,400.

Leo sina vituko vya darasa la jioni. Leo nina hasira, na aliyeichokoza ni kijana mmoja tunayesoma naye, mtoto mzuri tu, sina ugomvi naye. Tulikuwa kwenye foleni ya kuchukua kadi, mimi nalalamika kwa sauti kama kawaida yangu, akanigeukia: "Dada, wewe si una kazi? Ukipewa mkopo si utakuwa unawanyang'anya wenye shida?" Nyuma huko mwingine akadakia, "Tena ana na biashara ya visheti!" Watu wakacheka. Na mie nikacheka.

Nina huo ugonjwa. Nanyamaza, halafu maneno yote yananijia nikiwa nimeshaning'inia kwenye daladala la Mbagala. Basi maneno yenyewe ndiyo haya.

Kwa wasiojua: mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa 2024/2025 unasema mwombaji asiwe na kipato kinachotokana na ajira au mkataba rasmi, serikalini au sekta binafsi. Asizidi umri wa miaka 35. Na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mimi nina ajira, na stashahada yangu ya uhasibu ni ya mwaka 2017, degree nimeanza 2023. Kwa hiyo sikujaza hata fomu. Nilisoma ukurasa wa sifa, nikafunga, nikarudi kuhesabu chenji za watu.

Haya, tuitazame hiyo ajira. Ni keshia wa duka la jumla Kariakoo. Mshahara wangu kwa mwezi ni shilingi 265,000. NSSF wanachukua asilimia 10, nabaki na 238,500. PAYE sikatwi hata senti. Mnajua kwa nini? Kwa sababu sheria ya kodi inasema mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Yaani serikali imekaa chini, ikapiga hesabu, ikasema huyu anachopata ni kidogo mno, tumwachie ale. Halafu serikali hiyo hiyo, ikifika kwenye mkopo wa elimu, inaniambia nina kipato, nikajisomeshe. Sasa mimi ni nani? Maskini wa TRA au tajiri wa mikopo?

Endeleeni nami kidogo, mimi ni mtu wa hesabu. Kodi ya vyumba viwili 70,000. Nauli ya kwenda kazini, kuja chuo usiku na kurudi nyumbani haipungui 2,000 kwa siku, kwa siku 26 ni 52,000. Zinabaki 116,500. Ada yetu ni 1,500,000 kwa mwaka, ukiigawa kwa miezi 12 ni 125,000. Nina upungufu wa 8,500 na hatujala! Hatujanunua mkaa, hatujanunua taulo za kike, na nyumba yetu ni ya wanawake wawili. Bado mtoto hajaumwa. Bado chuo hakijaomba hela ya kitambulisho, ya mtihani na ya sijui mchango gani.

Ndiyo maana mnaniona na visheti jamani. Eti biashara! Mnadhani nakaanga saa tano usiku kwa sababu napenda harufu ya mafuta kwenye nywele?

Na visheti vikishindwa, sisi tulio nje ya mwongozo tunaye mkopeshaji wetu. Anaitwa kausha damu. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nilikuwa nadaiwa 300,000 na mtihani ulikuwa keshokutwa. Nikaenda kwenye kaofisi kamoja mtaani kwetu. Nusu saa tu, hela mkononi. Masharti: 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Riba ya 90,000 kwa mwezi mmoja. Nilirejesha vizuri siku 19, ya ishirini binti yangu akashikwa na malaria, nikaruka siku nne. Siku ya tano walikuja vijana watatu wakabeba friji. Friji lenyewe ndilo nililokuwa natengenezea barafu za kuuza, kwa hiyo wakabeba na mtaji. Jirani yangu alisimama mlangoni akiniuliza, "Mama, hawa ndugu zako?" Nikamwambia ndiyo, wamekuja kulikarabati.

Linganisheni sasa. Mkopo wa serikali ulikuwa na ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, ikafutwa mwaka 2021 na wote tukapiga makofi, mimi pia. Mwenzangu wa darasani anakopeshwa hivyo, na bumu lake shilingi 10,000 kwa siku. Mimi nakopeshwa kwa asilimia 30 kwa mwezi. Sote tunakaa kiti kimoja, tunasikiliza mhadhara mmoja, tunafeli swali lile lile la kodi. Simwonei wivu, anastahili, tena bumu lenyewe halimtoshi. Ninachouliza ni kwa nini aliyechagua kufanya kazi ndiye aachiwe kausha damu.

Kuna mtu atasema, dada ungesoma kwa wakati wako. Hapo mnanigusa penyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa wa pili kati ya wanafunzi 84, naomba niringe kidogo. Nikapimwa na wenzangu wote kwenye darasa tupu, mkojo kwenye vikopo, nikakutwa nina mimba. Jioni ile nilikuwa nyumbani na godoro langu. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu, na wakuu wa shule wakati ule hawakuhitaji kushawishiwa. Aliyenipa mimba hakufukuzwa popote maana hakuwa anasoma popote, akahama mtaa tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka huo huo wa 2009 inanipa haki ya kwenda mahakamani kudai matunzo ya mtoto, lakini wito wa mahakama unahitaji mtu wa kuupokea, na mimi hadi leo sijui yuko Mwanza au Lubumbashi.

Nilirudi kwa njia ya dirishani. QT, halafu kidato cha nne mtahiniwa wa kujitegemea, halafu cheti, halafu stashahada, kila ngazi nikisimama mwaka au miaka kutafuta hela. Mlango mkubwa ulifunguliwa Novemba 2021, waziri wa elimu alipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shule. Nililia siku ile. Nilikuwa kaunta, mteja akadhani amenipa noti bandia.

Sasa niambieni. Nchi imenichelewesha kwa mkono wake, imekiri yenyewe kwamba haikuwa sawa, halafu mwongozo unaniuliza mbona nimechelewa zaidi ya miaka mitano? Kama makosa yalikuwa ya kanuni, kwa nini gharama niilipe mimi peke yangu, na friji?

Na jambo jingine linanikera kupita maelezo. Ili kupima shida ya mwombaji, wanaangalia wazazi wake. Yatima anapewa kipaumbele, na ni haki kabisa. Mtu wa miaka 20, hilo ndilo swali la kumuuliza. Lakini mimi wazazi wangu kuwa hai hakuniongezei kitu, mama yangu ananitegemea mimi kwa dawa za presha. Swali la kuniuliza ni unalisha wangapi. Mtoto wangu mwenyewe hana pa kuandikwa akahesabiwa kama sababu.

Wapo walionishauri niifiche hiyo kazi. Jina langu liko NSSF jamani, nitafichaje? Dada mmoja tuliyekuwa naye stashahada aliacha kazi kabisa ili awe na sifa. Akapata mkopo, lakini si asilimia 100, na mshahara ndiyo umeshaondoka. Ana watoto wawili. Muhula wa pili hakurudi. Na tazameni sheria inamkamata nani: mwenye hati ya mshahara tu. Kijana mwenye duka lake la simu asiye na mkataba na mtu, anayeuza kwa siku ninachopata mimi kwa mwezi, huyo kwa maana ya karatasi hana ajira. Msiniambie hiyo ndiyo njia ya kuwapata wenye shida.

Narudi kwa mdogo wangu wa kwenye foleni. Anasema nitawanyang'anya. Hoja yake si ya kijinga, fedha za mikopo hazitoshi na kila mwaka tunasikia vilio vya waliokosa. Lakini mimi sijaomba nipewe kama yeye. Bumu silitaki, chakula nitajitafutia. Nikopesheni ada peke yake. Na msisubiri nihitimu, anzeni kunikata mwezi huu huu! Kiwango cha marejesho kisheria ni asilimia 15 ya mshahara. Kwangu ni 39,750. Ukitoa kodi ya nyumba na nauli, nitabaki na 76,750 ya kula. Ni kidogo, lakini ni chakula, na usiku nitalala. Ada ya miaka mitatu ni 4,500,000, kwa makato hayo itaisha kwa miaka tisa na miezi mitano hivi, na hapo nimechukulia kwamba mshahara wangu hautaongezeka hata baada ya kuwa mhasibu, Mungu apishe mbali.

Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu hapo imehangaika kuwatafuta wadaiwa, majina yakitangazwa, waajiri wakiandikiwa barua. Mimi sihitaji kutafutwa. Nipo. Nina mwajiri, nina namba ya NSSF, nina siku ya mshahara inayojulikana. Mkopaji gani salama kuliko huyo? Kausha damu wa mtaani kwetu, ambaye hajasoma uchumi, ameliona hilo kwa dakika moja: kitu cha kwanza alichouliza ni unafanya kazi wapi, akafurahi kusikia nina kazi.

Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Jambo jema. Lakini ni mikopo ya vikundi vya biashara. Nikitaka kufuga kuku, nakopesheka. Nikitaka kuwa mhasibu wa huyo mfuga kuku, basi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nchi hii ilishawahi kufikiri kinyume chake. Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua mtu asitoke kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu, kwanza akafanye kazi, ndipo aje na uzoefu. Azimio lile lilikuwa na matatizo yake, wasichana walipungua chuoni hadi wakaondolewa sharti hilo mwaka 1976, na mimi silitamani lirudi. Ila angalau enzi zile kuwa mfanyakazi kulikuwa sifa ya kuingilia chuo. Leo ndiyo inayokunyima mkopo.

Binti yangu alianza darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ule ule ada za shule za serikali zilipofutwa. Sijalipa ada yake hata mwaka mmoja na nashukuru. Mwaka 2025 aliingia kidato cha tatu. Mwaka ule mzima nilikuwa namwangalia anavyovaa sare asubuhi, sisemi kitu. Usiku nikirudi saa nne namkuta mezani na vitabu vyake, na mimi nafungua vyangu upande wa pili, sufuria la visheti katikati. Juzi kaniuliza, "Mama, hivi ukimaliza hicho chuo utakuwa umelipa shilingi ngapi?" Nikamwambia asome.

Haya wadau, mtihani wa kwanza ni Jumatatu saa kumi jioni, na bosi bado hajasema kama ataniachia nitoke saa nane. Mwenye notsi za kodi za wiki ya sita, siku ile niliyokuwa nahesabu mali dukani, naomba anirushie. Visheti vipo kuanzia Jumatano, pakiti 500. Wewe mdogo wangu wa kwenye foleni, yako nimekuwekea, ila uje na hela.