Kipimo cha Damu Kisigeuzwe Hukumu

Wapendwa wanajumuiya, nanyi viongozi wa walei mnaokesha na familia nje ya wodi za majeruhi,

Wanasayansi wa tiba wamepata chombo kipya, nasi yatupasa kukijadili kabla hakijatufikia, kwani kikishafika na sifa zake hakuna atakayetuuliza neno. Ubongo ukijeruhiwa, chembe zake humwaga katika damu protini ambazo kwa mtu mzima wa afya huwa chache mno. Mbili kati ya hizo huitwa GFAP na UCH-L1. Februari 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu zipimwe kwa kazi moja tu: kumsaidia daktari kuamua iwapo aliyegongwa kichwa, lakini angali na fahamu, anahitaji picha ya CT. Mwaka 2024 kikaruhusiwa kipimo cha kando ya kitanda, chenye kutoa jibu kwa dakika 15 hivi. Hilo ni jema na hatulipingi.

Tunalolipinga ni namba hizo kupewa kiti cha hakimu, ziamue nani atapona na nani asisumbukiwe. Utafiti wa TRACK-TBI, uliotolewa mwaka 2022, ulipima damu ya siku ya ajali katika hospitali 18 za Marekani, ukawafuatilia majeruhi kwa miezi 6. Kwa mizani ambayo 1 ni kutokosea kabisa na 0.5 ni sawa na kurusha sarafu, GFAP ilipata 0.87 katika kubashiri kifo. Katika kubashiri nani hatarudia hali yake kamili ilipata 0.62. Maana yake, kuhusu utingo aliyenusurika lakini hapati usingizi, husahau nauli aliyopokea na hugombana na kila mtu, namba hiyo yajua machache kuliko mkewe. Basi mwajiri akija na karatasi kwamba damu haikuonyesha kitu, na kwa hiyo hakuna fidia, tusiinamishe vichwa.

Lipo zito zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa TRACK-TBI waliwalinganisha majeruhi waliofariki baada ya kuondolewa mashine za kuwahifadhi hai na wenzao wa hali ileile ambao hawakuondolewa. Walikadiria kwamba baadhi ya marehemu hao huenda wangeishi na kurudiwa na angalau sehemu ya uwezo wa kujitegemea. Si damu iliyoamua hapo. Waliamua watu waliokata tamaa mapema. Lakini angalieni hatari yake: aliyeachwa akafa huingizwa katika hesabu kuwa ushahidi kwamba angekufa tu, na kipimo kinachojengwa juu ya hesabu hiyo humhukumu anayefuata.

Na hapa kwetu? Hesabu za Marekani ni za watu waliopata upasuaji, uangalizi mahututi na mazoezi ya viungo. Kijana wa bodaboda aliyefikishwa katika hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya kupumulia hayumo katika hesabu hiyo. Namba kubwa kwake itasomwa kama kudra, hali kilichopungua ni kofia ngumu, gari la wagonjwa na daktari wa upasuaji. Umaskini utakuwa umepewa jina la kisayansi.

Hatudai kila mashine iendeshwe pasipo kikomo. Kanisa lenyewe halidai tiba iliyopita kiasi. Tunadai familia isiambiwe nusu ya habari. Mkiitwa kukubali mashine iondolewe, ulizeni damu ilichukuliwa saa ngapi baada ya ajali, picha ya CT na macho ya mgonjwa vinasema nini, na ni tiba ipi aliyoikosa kwa sababu haikuwapo. Mwaka 2015 wataalamu wa uangalizi mahututi wa ubongo walishauri kwamba kwa jeraha baya mno la ubongo aghalabu kungojwe saa 72 kabla ya uamuzi kama huo. Iombeni hospitali iwape saa hizo.