Ng'ombe Halali Darini

Ukitaka kujua mtu wa Songea anamfikiriaje mnyama wake, usimwulize. Tazama alikoanzia kujenga banda. Aghalabu atakuwa ameanzia juu. Bati limekwisha kupigwa, linang'aa hata ukiwa ng'ambo ya bonde unaliona. Nguzo zimenyooka, na pengine ukuta wa matofali ya kuchoma umepanda hadi usawa wa kifua. Kisha shusha macho. Chini ni udongo mtupu, na ifikapo Januari udongo huo umekwisha kuwa uji. Ukiuliza sakafu iko wapi, utajibiwa kwamba itakuja, fedha zikipatikana. Maneno hayo nimeyasikia Lizaboni, nimeyasikia Mfaranyaki na Bombambili, na sakafu yenyewe naisubiri hadi leo.

Kwa maoni yangu banda la namna hiyo si banda bali ni mwavuli. Ng'ombe wa maziwa aliye sawasawa hulala chini saa 10 hadi 14 katika kila siku moja. Huko chini ndiko anakocheua, ndiko anakopumzisha miguu, na anapolala damu hupita kwa wingi zaidi kwenye kiwele. Kwa hiyo anayemwekea paa zuri na kumwachia tope amejijengea yeye mwenyewe na majirani zake, kwa sababu wao ndio wanaolitazama paa. Ng'ombe halali darini.

Matokeo yake yanajulikana, ila tumezoea kuyaita bahati mbaya. Baada ya kukamuliwa, tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda wa kama nusu saa. Ng'ombe akilala topeni katika nusu saa hiyo, vijidudu vya samadi vinakaribishwa ndani, na baada ya siku chache kiwele kimevimba na maziwa yana mabonge. Dawa ikinunuliwa, maziwa yanamwagwa mpaka siku za dawa ziishe. Kwato zilizoloweka mchana na usiku zinalainika na kuoza, na ng'ombe anayechechemea hafiki horini kula kama mwenzake. Ndama aliyezaliwa juu ya matope huingiwa na uchafu kwa njia ya kitovu kabla hata hajajua kunyonya. Haya yote yakitokea, husemwa kwamba ng'ombe wa kigeni ni wadhaifu.

Na tusisahau ni nani anayeingia mle saa 11 alfajiri. Aghalabu ni mama, au binti yake kabla ya kwenda shule, na tope linafika juu ya kifundo cha mguu. Kwanza lazima aoshe kiwele kilichopakwa samadi hadi tumboni, kwa maji aliyoyabeba kichwani. Mwenye kulichagua bati wakati huo bado amelala.

Jirani yangu mmoja, mtu mwungwana, aliwahi kuniambia: "Mwalimu, mnyama ana ngozi na manyoya. Mungu alikwisha kumvalisha." Ni kweli alimvalisha, lakini hakumvalisha kwa ajili ya kulala kwenye dimbwi. Manyoya huzuia baridi kwa sababu ya hewa inayokaa katikati yake. Yakilowa na kugandamana, hewa ile haipo, na joto la mwili linatoka kama maji katika kapu. Ng'ombe mkubwa aliye mkavu haoni tabu usiku wa Songea mwezi Julai, hata tunapojikunyata sisi chini ya mablanketi mawili. Aliyelowa anatumia chakula chake kujipasha moto badala ya kutengeneza maziwa.

Wengine husema kwamba mambo ya kukinga joto na baridi katika majengo ni ya Wazungu wenye theluji, sisi hatukuyazoea. Hoja hii inanishangaza zaidi kuliko zote, maana inasemwa katika wilaya zilizolima tumbaku ya moshi tangu miaka ya 1930. Chama kikuu cha NGOMAT kiliandikishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku hiyo, na wazee wetu walisomeshwa, walioa na kuezeka nyumba kwa fedha yake. Mtazame mkulima wa tumbaku na bani lake. Kila ufa ameukandika udongo, mlango ameubana ili joto lisitoroke, na usiku anaamka mara mbili au tatu kuangalia moto, usizidi wala usipungue. Anajua moto ukizidi jani limeharibika na ukipungua jani linaota ukungu. Ujuzi wa kutunza joto ndani ya jengo tunao, tena wa miaka zaidi ya 80. Jani lilijengewa nyumba ya kufaa, na ng'ombe wa mtu yule yule akafungwa nyuma ya jiko.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo kila mjadala wa sakafu unapofia. Saruji ni ghali, sikatai. Lakini nani alisema sakafu yote iwe ya saruji? Mahali pa kulala ng'ombe mmoja ni upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1 hivi. Hapo pakiinuliwa kwa udongo wa kichuguu au changarawe, pakashindiliwa sawasawa na kuwekewa boriti nyembamba ukingoni ili matandiko yasitoke, hapahitaji hata kilo moja ya saruji. Panahitaji malalo makavu na mtu wa kuyabadilisha. Saruji iende kwenye njia anayotembea na mahali anaposimama kula, kwani huko ndiko mkojo na samadi vinakoangukia. Kwa ng'ombe wawili eneo hilo ni kama mita 10 za mraba. Zege la unene wa sentimita 10 ni mita moja ya ujazo, yaani mifuko 6 au 7 ya saruji kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Asiyeweza hata hiyo apange matofali ya kuchoma na kuziba nafasi zake kwa udongo wa saruji kidogo. Matofali tunachoma wenyewe, na wafuasi wa Mtakatifu Benedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 walituachia majengo ya kutosha ya kuthibitisha kwamba tofali la kuchoma halikimbii mvua.

Malalo nayo yapo bure. Kila mwaka baada ya mavuno tunachoma mabua ya mahindi shambani, moshi unaziba hata milima ya Matogoro isionekane. Mabua yale yakikatwakatwa, au nyasi kavu, au maranda kutoka kwa maseremala, au maganda ya mpunga, ni godoro zuri kuliko saruji yoyote. Huzuia joto la mwili lisinyonywe na ardhi na hunywa mkojo. Tunachoma godoro, kisha tunasema hatuna fedha za sakafu.

Na mkojo wenyewe tuuseme bila haya. Takriban nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe hutoka kwa njia ya mkojo. Kwenye sakafu ya tope inazama ardhini au kuruka hewani, nayo ndiyo harufu ile inayochoma macho ukiingia asubuhi. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya urea ulipita shilingi laki moja, mpaka serikali ikaleta ruzuku mwezi Agosti mwaka huo. Watu wa Ruvuma tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia, maana mahindi yetu hayaendi bila mbolea. Lakini urea ya dukani na urea iliyomo ndani ya mkojo ni kitu kimoja. Mtu anaimwaga ya bure kila usiku, kisha anapanga foleni kununua nyingine.

Kuna kosa la upande wa pili, na wanaolifanya ni wataalamu na mafundi. Kwao sakafu ni saruji iliyolainishwa kwa mwiko hadi ikang'aa kama sebule. Ng'ombe anapoingia miguu inatawanyika. Akianguka akiwa na mimba, hasara yake huwezi kuilipa kwa mifuko mitano. Zege la banda lazima liwe na ukwaru. Lichorwe mistari au likwaruzwe kwa ufagio wa fito kabla halijakauka, na liwe na mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita ili mkojo uende kwenye mfereji. Fundi akikuambia kwamba mistari inaharibu sura ya kazi yake, mwambie akajenge ukumbi wa harusi. Na mbuzi usimwekee saruji kabisa. Mpe kichanja cha mbao kilichoinuliwa kama mita moja, nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita 2 ili mguu usitumbukie. Mbuzi anachukia unyevu kuliko njaa.

Bati nalo, kwa kuwa tumelipenda, tulifunze adabu. Saa 8 mchana linashusha joto mgongoni mwa mnyama, na alfajiri linadondosha matone. Tandaza fito na nyasi nene chini yake, acha nafasi hewa ipite, na usizibe kuta hadi juu. Ukuta wa kifua upande unakotoka upepo wa Juni unatosha. Banda lililozibwa pande zote linahifadhi harufu, na mapafu ya ndama hayaipendi.

Nimekagua mabanda na watu wa mradi mmoja wa kukopeshana mitamba. Fomu yao ilikuwa na mahali pa kuandika aina ya paa na idadi ya nguzo. Mahali pa sakafu palikuwa na neno moja: ipo au haipo. Tope nalo likaandikwa ipo. Kwenye maonyesho ya Nane Nane ng'ombe hulala juu ya nyasi kavu, zilizotandazwa asubuhi ile kabla mgeni rasmi hajafika, kwa hiyo kujua tunajua.

Kwa nguruwe, wanaofugwa na wengi mkoani kwetu, jambo hili ni la uhai. Mtoto wa nguruwe siku za kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, ilhali mama yake anahema likipita 22. Chumba kimoja, hali ya hewa mbili. Ukimweka mtoto juu ya saruji tupu yenye maji, atatambaa hadi chini ya tumbo la mama kutafuta joto, na mama akigeuka anamponda. Asubuhi nguruwe jike anaitwa katili. Kijumba cha mbao chenye kifuniko pembeni, nyasi kavu nene ndani yake, na boriti ya kumzuia mama asilale hadi ukutani, vingewaokoa wengi wao.

Homa ya nguruwe haina tiba, na kwetu husambazwa zaidi na watu, nyama na makombo. Sakafu peke yake haiizuii. Lakini katika nchi jirani ya Malawi watafiti walikuta papasi wenye virusi vyake ndani ya mabanda ya nguruwe. Papasi hujificha kwenye nyufa za udongo, na wanaweza kukaa humo miaka bila kula. Mtu aliyepoteza nguruwe wote, akakaa mwaka mmoja, akanunua wengine na kuwarudisha juu ya sakafu ile ile ya udongo uliopasuka, huenda amewapelekea papasi chakula. Nyufa zizibwe kwanza, ukuta upakwe lipu hadi magotini, sakafu iwe ya kuweza kuoshwa, ndipo aende sokoni kutafuta mbegu.

Shimo la mkojo na samadi lichimbwe upande wa chini wa banda, mbali na kisima, na lifunikwe. Mabua yaliyolowa ya jana yatupwe humo, makavu ya leo yatandazwe. Kazi hiyo ni ya dakika 20 kwa ng'ombe wawili. Nimeipima kwa saa.