Kauri ing'aayo haikuokotwa

CHINI YA MERU
Na Ndetaulwa Akyoo

Pale Soko la Wamasai, Barabara ya Fire, kauri ziko kila mahali. Zimeshonwa kwenye mikanda ya ngozi, zimezungushwa shingoni mwa vibuyu, zimening'inizwa kwenye vishikio vya funguo. Mgeni akiuliza ni kitu gani, muuzaji au mwongoza watalii humjibu bila kufikiri: "Zamani hii ilikuwa pesa." Kweli, lakini kabla ya kuwa pesa ilikuwa mnyama, na habari za mnyama huyo sisi wa bara hatuna desturi ya kuziulizia.

Ni konokono wa baharini, Monetaria annulus kwa jina la kitaalamu, mwenye urefu wa sentimita 2 au kupita kidogo. Anaishi maji mafupi ya pwani yetu, kwenye mawe na majani ya bahari, na chakula chake ni mwani. Mgongoni ana pete ya rangi ya dhahabu. Hiyo pete hapa Arusha ni nadra kuiona, maana fundi hukata mgongo ili kauri ilale bapa na uzi upate pa kupita.

Akiwa hai, hulifunika gamba lake kwa ngozi laini inayochomoza pande zote mbili za mdomo. Ngozi hiyo ndiyo inayolitunza gamba na kulipa ule mng'aro tunaoupenda. Akishakufa, jua, mchanga na mawimbi hulichubua gamba mpaka likafubaa kama chokaa. Kwa hiyo kauri ing'aayo kama sahani mpya kwa kawaida haikuokotwa ufukweni. Ilichukuliwa na mwenyewe ndani, maji ya bamvua yalipokupwa, kisha ikafukiwa nyama ioze. Waliowahi kupita karibu na shimo la namna hiyo hawaisahau harufu yake.

Biashara hii ina historia ndefu na si ya kujivunia sana. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwa mojawapo, walizinunua Zanzibar kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako watu walikuwa wakitumia kauri ndogo za Maldivi kama fedha. Za kwetu zilikuwa kubwa kidogo na za bei rahisi. Zikamwagwa mno, thamani ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka akiba yake kwa kauri akabaki na mzigo wa magamba. Wajerumani wao walishapata faida yao.

Sasa, sisemi Mmasai au Mwarusha aondoe kauri kwenye mapambo yake ya jadi. Mkanda wa bibi una kauri chache, nao hurithiwa. Ninachokikataa ni kishikio cha funguo kinachouzwa kwa bei ya soda, kikakatika kamba kabla mgeni hajamaliza safari ya Ngorongoro. Kwa ajili ya hicho anauawa kiumbe hai, na mvuvi wa miguu huko Tanga au Mafia, aliyeinama miambani tangu alfajiri, ndiye anayeambulia kidogo kuliko wote katika mnyororo mzima.

Tena kuna suala la sheria. Magamba ya baharini hayasafirishwi nje ya nchi bila kibali, na mtalii anayeambiwa "chukua tu, ni zawadi" anaweza kuja kunyang'anywa uwanja wa ndege. Muuzaji anajua, mwongozaji anajua, na wote wawili wananyamaza.

Waongozaji wa Arusha, mnasomea majina ya ndege na miti mpaka ya Kilatini. Ongezeni na huyu konokono. Mgeni akiuliza, mwambieni alikuwa hai, na mwambieni kuhusu kibali kabla hajatoa pesa yake.