Jani Likijikunja, Usikimbilie Bomba

Nimekuwa kimya wiki mbili, majaribio yalinibana na bumu nalo likawa limekata. Sasa nimerudi, na nimerudi na ugomvi. Wenye presha mkae mbali kidogo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tumekuwa madaktari wa mimea tusiomgusa mgonjwa. Mwonyeshe mtu jani la nyanya lililojikunja, hajauliza hata swali moja, ameshakutajia dawa. "Wadudu hao, pulizia." Mwingine anadakia, "Wapi, hiyo njaa, weka busta." Wa tatu ndiyo balaa kabisa: "Fangasi hiyo ndugu yangu, changanya zote kwenye bomba upige mara moja." Jani ni lile lile, na katika wote watatu hakuna aliyeligeuza kuona chini kuna nini. Khaa!

Nalisema hili sasa kwa sababu ya haya mahema ya plastiki tunayoyaita vitalu nyumba. Vikundi vya vijana wanayo, shule zinayo, wastaafu wanawekeza pensheni zao humo. Watu wanaambiwa ukishafunika nyanya kwa plastiki, matatizo ya shambani umeyaacha nje. Si kweli. Mvua na baadhi ya wadudu unawapunguza, lakini unaongeza mengine. Hema lililofungwa saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 40 ndani, wakati nyanya raha yake ni kati ya 20 na 28 hivi. Maji yakizidi hayana upepo wa kuyakausha. Na mdudu akishapenya, amepata nyumba isiyo na mvua wala adui. Kwa hiyo majani yatajikunja tu. Swali ni kwa nini yamejikunja.

Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha (siitaji, waliniheshimu na chai walinipa) ilikuwa na hema la namna hiyo. Majani ya chini ya nyanya yalikuwa yamejiviringa kwenda juu kama sigara. Mwezi mmoja yamepuliziwa mara tatu, dawa tatu tofauti. Wapuliziaji ni watoto wa kidato cha pili, mmoja kajifunga leso puani, wengine hawana kitu. Nikaingia kuangalia. Majani manene, magumu kidogo mkononi, ya kijani safi. Nikayageuza: hakuna mdudu. Chipukizi za juu nzima kabisa, maua yapo. Mapazia ya pembeni yameshushwa yote mchana kweupe, "ili wadudu wasiingie". Yaani lilikuwa joto, bwana. Mmea ukizidiwa na joto na ukavu unakunja majani ili sehemu inayopoteza maji ipungue. Unajikinga. Sisi tukaona unaumwa, tukaupiga sumu mara tatu.

Na zile nyanya zilikuwa zinaenda wapi? Jikoni, kwenye maharage ya wanafunzi. Kila kopo la dawa linaandikwa siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Nikauliza siku ngapi zimepita tangu dawa ya mwisho, wakatazamana. Kopo lilishatupwa. Ndiyo maana nasema hili halihusu majani peke yake.

Haya, tuje kwenye kazi. Kabla hujataja jina la dawa yoyote, jibu maswali manne.

La kwanza: ni majani gani? Ya chini yaliyozeeka au ya juu machanga? Hili peke yake linaondoa nusu ya ubishi. Naitrojeni, potasiamu na magnesi zikipungua, mmea unazitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, kwa hiyo dalili zinaanzia chini. Kalsiamu na chuma hazihamishiki kirahisi hivyo, kwa hiyo shida inaonekana juu kwanza. Mtu anayekuuzia busta bila kuuliza ni jani la wapi anabahatisha kwa hela yako.

La pili: linajikunjia wapi? Kwenda juu, huku ni la kijani na nene, na limeanzia chini ya mmea, fikiria joto, ukavu au kupogoa kupita kiasi. Kwenda juu kama kikombe, lakini ni majani machanga, madogo, yana manjano pembeni, na mmea umedumaa na kupukutisha maua, hapo ogopa. Huyo ni kirusi cha manjano na kujikunja, ambacho wakulima wengine wanakiita rasta. Kwenda chini, majani yamelegea wakati udongo umelowa, fukua kidogo uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na inanuka, umeizamisha. Kijani kilichokolea mno na ncha zimeinama chini kama kucha, huenda umezidisha mbolea ya kukuzia.

La tatu: chini ya jani kuna nini? Nzi weupe wanakaa huko, na ndio wanaobeba kirusi cha rasta. Tikisa mmea uone kama vumbi jeupe linaruka. Vidukari wanakaa huko pia, na wanaacha utomvu unaonata. Halafu kuna utitiri mpana, huyu hafiki hata nusu milimita, humwoni bila lenzi. Kwenye pilipili hoho anafanya majani machanga kuwa membamba, yaliyosokotwa, na chini yanang'aa kama shaba. Hapa ndipo wapenda bomba wanapoumbuka: utitiri si mdudu, ana miguu minane, yuko upande wa buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimgusi, ila zinaua wale wanaomla. Unapulizia, anaongezeka, unaongeza dozi, anazidi. Mwishoni unamlaumu jirani kakuroga.

La nne: nini kimebadilika wiki hizi mbili tatu? Umehamia mbolea nyingine? Umefunga mapazia? Bomba lako lilitumika kwa nini mara ya mwisho? Kama lilibeba dawa ya magugu aina ya 2,4-D na halikuoshwa vizuri, nyanya zitakwambia. Mabaki kidogo tu yanatosha kusokota chipukizi na mashina. Yaani unaweza kuwa unapulizia kutibu ugonjwa ambao bomba lenyewe ndilo limeuleta!

Sasa najua mtakachosema. "Wewe mwanafunzi, kalamu mkononi, mkulima hana muda wa maswali manne. Nyanya zinakufa, anapuliza." Hoja hiyo nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, na naipinga waziwazi. Kugeuza majani kumi na kufukua shina moja ni dakika kumi na tano. Kwenda dukani, kununua, kuchanganya na kupulizia ni nusu siku, na hela haijahesabiwa. Na kama ni rasta, muda ndio kila kitu, kwa sababu mmea uliokwisha pata kirusi hauponi kwa dawa yoyote. Unang'oa ile michache mapema, unaitoa nje ya hema, unadhibiti nzi weupe, unaziba neti iliyochanika, na msimu ujao unatafuta mbegu inayostahimili. Aliyepulizia busta wiki tatu "kuupa mmea nguvu" amewafugia nzi chanzo cha kirusi katikati ya hema.

Wengine watasema kosa ni la muuza duka la pembejeo. Sehemu, ndiyo. Ila yeye anauza, ndiyo kazi yake. Mimi lawama nzito naileta hapa kwetu, kitivo cha elimu, tunaokwenda kufundisha baiolojia na kilimo.

Tunajifunza upungufu wa madini kwa desa. Jedwali: safu ya kushoto madini, safu ya kulia dalili. Unakariri, unamwaga kwenye UE, unasahau, unakwenda shuleni na jedwali lile lile, watoto nao wanakariri. Mtihani unauliza "taja dalili tatu za upungufu wa potasiamu". Hakuna anayeweka jani mezani na kuuliza "hili lina nini, na umejuaje?" Swali la kwanza ni la kumbukumbu, la pili ni la kufikiri, na maisha yanauliza la pili tu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwenye Elimu ya Kujitegemea kwamba shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza. Shule ngapi leo zina shamba ambalo mtoto anapelekwa kama adhabu, anashika jembe au bomba, na hakuna anayemuuliza ameona nini?

Na msidhani kuangalia majani ni mambo ya kizungu yasiyotuhusu. Ugonjwa wa batobato wa mihogo uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Warburg, kutokana na mihogo ya hapa hapa Usambara. Jina alilolipa kwa lugha yake lilimaanisha ugonjwa wa kujikunja. Baadaye, 1936, Storey akiwa Amani, Tanga, akaeleza ugonjwa mwingine wa mihogo, michirizi kahawia, akautenganisha na batobato. Huu wa pili ni mjanja: majani hayajikunji, shina linaweza kuonekana zima, ukichimba muhogo ndani umeoza. Angekuwa mtu wa "mihogo inaumwa, basi", magonjwa mawili yangebaki jina moja. Kazi ile ilifanyika kwenye vilima vyetu, na mihogo ile walikuwa wanaila babu na bibi zetu. Sisi tunaopanda basi na kupita Muheza tumebaki na desa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wote mnaoondoka mwezi ujao kwenda mazoezini. Somo lenu la kwanza la lishe ya mimea, msiingie na chati. Ingieni na majani matano yaliyojikunja kwa sababu tofauti, wape watoto wayageuze, wabishane, waseme jani limetoka juu au chini na wametambuaje. Lenzi ya mkono si ghali, na ikikosekana, jua na macho yapo. Mkikuta bomba mikononi mwa mtoto asiye na glavu wala barakoa, mlichukue, hata kama mkuu wa shule atanuna. Atanuna wiki moja, itapita.

Anayebisha anijie mezani kantini kesho mchana, nipo hadi saa nane. Ila aje na jani.