Msimwachie nguo, mpeni kasia

Wiki hii nakuandikia nikiwa Bugomora, wilayani Kyerwa, mkoa wa Kagera. Wewe wa mjini ambaye jiografia ilikupita kushoto, Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mpaka wake ni Mto Kagera. Ng'ambo ni Rwanda na Uganda. Huku ni migomba kwa kwenda mbele, na wapo vijana wanaoujua mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi kuliko ule wa kuvukia maji.

Haya, tuingie kwenye mada. Kila kundi la vijana wanaokwenda kuoga, iwe ziwani Bukoba au Coco Beach pale Dar, lina mlinzi wa nguo. Chunguza utaona: mara nyingi ni yule mwenye mguu uliopooza, au mwenye magongo, au asiyeona. Hakuna kikao kilichomchagua. Wakifika tu wenzake wanavua, wanamrundikia masuruali na viatu, hao majini! Yeye kazi yake kucheka kwa mbali na kufukuza mbwa.

Juzi hapa kijiweni nilimuuliza jamaa mmoja anayetembelea magongo kama huwa anaoga ziwani akienda Bukoba. Akanijibu, "Kaka, ufukweni nimefika mara nyingi. Majini ndiyo sijafika." Kijiwe kizima kikaangua kicheko, naye akacheka. Mimi jibu lile lilinikaa kichwani mpaka usiku.

Washikaji wengi husema wanamhurumia, eti atazama. Sasa sikiliza somo la bure. Nchi kavu mguu dhaifu unabebeshwa uzito wa mwili mzima. Majini uzito ule maji yanausaidia kuubeba. Kwa hiyo pale unapodhani hapamfai, huenda ndipo atapumzika kuliko kwenye barabara zetu za mawe. Kinachotakiwa ni vifaa na watu wenye akili timamu.

Ushahidi uko jirani tu, Mombasa. Asiya Mohammed Sururu alipata ajali ya treni akiwa na umri wa miaka miwili, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mkono. Kwa mawazo ya vijiweni, huyo si ndiyo wa kulinda nguo za mtaa mzima? Thubutu! Dada alicheza tenisi ya kiti cha magurudumu, kisha akashika makasia. Mwaka 2021 aliiwakilisha Kenya kwenye Paralimpiki za Tokyo, zile zilizocheleweshwa na korona, katika mbio za mitumbwi za mita 2,000.

Unajua inavyofanyika? Mashua ya daraja lake ina kiti kisichoteleza, mchezaji anafungwa mkanda kifuani, na pembeni kuna maboya mawili yanayoizuia isipinduke. Kazi yote ni mikono na mabega. Mkanda, kiti na maboya, basi. Huo siyo uchawi.

Na siyo majini peke yake. Douglas Sidialo wa Kenya alipofuka kwa lile bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Mwaka 2005 akapanda Kilimanjaro. Amewahi pia kupiga pedali kutoka Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli ya watu wawili: wa mbele anaona na kushika usukani, wa nyuma anachapa miguu. Wewe mwenye macho yako mawili mlima umeuona kwenye picha tu.

Kama unadhani naomba hisani, umekosea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja wazi michezo na burudani. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi zipo, bado ubao wa kupitishia kiti kwenye mchanga.

Basi shika haya. Muulize mwenyewe anapendaje kubebwa kabla hujamnyanyua kama gunia la kahawa. Jaketi la kuokolea livaliwe na lifungwe, siyo kukaliwa. Asiyesikia mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuingia. Asiyeona mfungieni kamba kutoka ufukweni aifuate. Mwenye kifafa asiingie bila mtu wa karibu anayejua kuogelea. Na Mto Kagera tuachieni wenyewe, una mamba na viboko, hawajasoma sheria yoyote.

Mtu asiseme haya ni mambo ya starehe. Sisi wa Kagera tunaijua tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tangu hapo wapo wazazi wasiotaka hata kusikia neno ziwa. Lakini safari za maji zipo, na wenye ulemavu nao wanasafiri. Yule ambaye hakuwahi kufundishwa hata kuelea ndiye wa kwanza kuwa hatarini chombo kikiyumba. Ukimwacha ufukweni kila Jumapili, umemnyima zaidi ya raha.

Kwa hiyo wikiendi hii mkipanga kwenda kujirusha, kabla ya kuchanga nauli muulizeni mwenzenu anataka nini. Akisema anaogopa, sawa, hata wenye miguu miwili wapo wanaoogopa. Akisema anataka, tafuteni jaketi na watu wawili wanaojua maji. Nguo tieni kwenye mfuko mmoja, muuza mihogo atawaangalizia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.