Ngurumo Haiui: Lugha ya Hali ya Hewa na Wajibu wa Mwanakiswahili

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu ni wa kweli, ila una sharti lake: anayeyaona mawingu awe na jina la kile anachokiona, na amwarifu mwenziwe kwa maneno ambayo mwenziwe anayaelewa. Sharti hili likikosekana, mawingu hubakia mawingu tu, na mvua humkuta mtu chini ya mti. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba lugha tunayotangazia joto kali na mvua za radi humu nchini ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo ni mzigo wetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla haijawa mzigo wa mtu mwingine yeyote.

Nililelewa katika vilima vya Kisii, ambako mvua ya alasiri ni mgeni asiyebisha hodi. Nilipokuwa darasa la saba, asubuhi moja redio yetu ilitangaza kuwa kungekuwa na "ngurumo za radi zilizotawanyika katika maeneo machache". Baba alicheka, akasema kwamba ngurumo haijapata kumuua mtu. Mwendo wa saa tisa mchana mbingu zilifunga. Jirani yetu aliyekuwa akichuna majani chai alikimbia kujikinga chini ya mkaratusi uliokuwa mpakani mwa shamba lake. Radi iliupasua mti ule, naye hakuinuka tena. Msiba haukuishia hapo. Kabla ya matanga kwisha, bibi kizee mmoja kijijini alinyoshewa kidole kuwa ndiye aliyeituma radi ile. Mwaka haukwisha kabla yeye na wajukuu wake hawajahama.

Kwa muda mrefu nilimlaumu marehemu kwa kuukimbilia mti, na wanakijiji kwa ushirikina wao. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kuisoma lugha hii, naitazama upya ile sentensi ya redio. Baba alisema kweli: ngurumo haiui. Ngurumo ni sauti. Umeme ni ule mwanga unaomulika angani. Kiuacho ni radi, yaani ule mpigo unaoshuka na kumfikia mtu, mnyama au mti. Kiswahili kilikwisha kuyatenga mambo haya matatu kwa maneno matatu, lakini mtangazaji, kwa kufuata tafsiri sisisi ya Kiingereza, alitanguliza sauti na kulifanya jambo lenyewe kuwa kivumishi chake. Msikilizaji alionywa dhidi ya kelele.

Tazama tena "maeneo machache". Kwa mtaalamu wa hali ya hewa, maneno hayo ni kipimo cha upana wa eneo litakalonyeshewa. Si kipimo cha ukali. Mvua ya radi inayoangukia kijiji kimoja ni kali kwa kijiji hicho sawa na ile inayofunika wilaya nzima. Hata hivyo, mkulima anaposikia "machache" huelewa "si kwangu". Nalo neno "zilizotawanyika" ni geni kabisa kinywani mwa mzungumzaji asilia. Mswahili angesema "hapa na pale", na yeyote asikiaye hivyo hujua kwamba "hapa" paweza kuwa pake.

Mkanganyiko uo huo umo katika majina ya majira. Aghalabu tunasoma katika tafsiri kwamba Julai ni "kiangazi", kwa sababu tu Ulaya na Marekani zimo katika msimu wao wa joto. Mkazi wa Limuru asomaye hayo huwa amevaa sweta mbili! Kwetu Julai ni kipupwe. Kiangazi chetu ni kipindi cha ukavu, na joto letu hasa hukolea mwishoni mwa kaskazi, Februari na Machi, kabla masika hayajashika. Mabaharia wa pwani yetu walijua haya vyema. Waliutenga msimu wa kaskazi na wa kusi, wakataja vuli, mchoo na demani, na wakauhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi ili wajue lini pa kutweka tanga na lini pa kulitua. Lugha yenye hazina hiyo haistahili kuazima majira ya watu wengine.

Ama kuhusu joto, upungufu wetu ni mkubwa zaidi kwa kuwa joto huua kimyakimya. Katika msimu wa joto wa 2003, watu zaidi ya 70,000 walifariki barani Ulaya, wengi wao wazee waliokuwa peke yao majumbani. Mnamo Machi 2024, Sudan Kusini ililazimika kufunga shule kwa kuhofia joto la kufikia nyuzi 45, na Februari 2025 shule zilifungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai. Haya si mambo ya mbali. Garissa, Wajir na Turkana huvuka nyuzi 35 mara kwa mara, na dunia inazidi kupata joto.

Fauka ya hayo, nambari pekee haisemi yote. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa huweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 35 za mahali pakavu. Wataalamu wana hesabu ya kuunganisha joto na unyevu, na watafsiri wetu huhangaika kuitafutia jina. Ilhali neno lipo: fukuto. "Leo kuna fukuto la hatari" ni kauli ambayo mama auzaye samaki Kongowea angeielewa bila kamusi, naye angejua kwamba mtoto na mzee wanahitaji maji na kivuli.

Wapo watakaosema kwamba ninaibebesha lugha lawama isiyo yake. Kwamba watu hufa kwa ukosefu wa vikingaradi na majengo imara, si kwa ukosefu wa msamiati. Hoja hiyo ina uzito. Mnamo Juni 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, wakiwa darasani. Novemba 2024, watu 14 walikufa katika wilaya ya Lamwo, nchini humo humo, wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Neno halikingi radi. Lakini ni neno litakalomtoa mtu chini ya mti, na ni neno litakalomfanya mzazi aidai shule kikingaradi. Tena, pale ambapo maelezo hayakufika, lawama hufika. Bibi kizee wa kijijini kwetu angelala nyumbani kwake laiti tungelikuwa na lugha ya kueleza kilichotokea.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inampa kila raia haki ya kupata habari. Onyo lisiloeleweka si habari. Kwa hivyo, napendekeza mambo mawili. Kwanza, badala ya tasnifu zetu zote kuzunguka riwaya zile zile, baadhi yetu tuende Lamu, Vanga na Mbita tukakusanye maneno ya wavuvi, wakulima na wafugaji kuhusu upepo, joto na mvua, kabla wenye maneno hayajawafika mauti. Pili, vyama vyetu vya Kiswahili vijitolee kushirikiana na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ili kila onyo litaje hatari kwa jina lake na limwambie msikilizaji afanye nini.

Onyo kama hilo si gumu kuandika. "Leo alasiri radi itapiga hapa na pale katika Kisii na Nyamira. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu: ingia nyumbani au ndani ya gari, usikae chini ya mti, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho." Hakuna neno hapo ambalo jirani yetu asingelijua.

Tumejizoeza kukitetea Kiswahili kwa kukisifu. Wakati umewadia wa kukitetea kwa kukifanyisha kazi, nayo kazi ya kwanza ya lugha yoyote ni kumwambia jirani: toka hapo, kuna hatari.