Freni inayozama: tuache kusema "inashikaka"

Leo sileti habari za mkutano wala za bei ya unga. Leo nasema juu ya mguu wa dereva.

Juma lililopita nilitoka Nyangezi kuteremka Kamanyola katika minibisi ya zamani. Niliketi mbele. Juu ya gari kulikuwa na magodoro, masufuria, mifuko ya maharagi na baiskeli. Nyuma kulikuwa na familia zilizohama, zikibeba vyote vilivyobaki. Hata hatujaanza kuteremka mlima wa Ngomo, nikaona dereva anapiga pedali ya freni mara tatu, mara nne, ndipo gari inapunguza mwendo. Kila tuliposimama, konvoyeri aliruka chini na kipande cha mti akakiweka nyuma ya gurudumu. Mama mmoja akauliza: "Mwanangu, hii freni iko muzima kweli?" Kijana akacheka: "Usiogope, mama. Inashikaka."

Tulifika. Lakini kufika mara moja hakuonyeshi kwamba gari ni nzima. Anayeijua Ngomo anajua: huku ukuta wa mlima, huku bonde, na lori likitokea mbele hakuna nafasi ya kukosea. Ninasema wazi kwamba neno hilo "inashikaka" ndilo linalotupeleka kaburini, na sisi abiria tumelizoea mno.

Tuelewe kwanza jambo lenyewe. Sisemi juu ya malori makubwa yanayotumia freni ya hewa. Nasema juu ya minibisi, jeep na gari ndogo ambazo freni yake inasukumwa na mafuta. Dereva akikanyaga, mafuta yanasukumwa kutoka silinda kubwa, ile mafundi wanaita metre-silenda, yanapita katika mabomba mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedali inatakiwa kuwa ngumu. Ikiwa laini au ikizama, kuna kitu kimeharibika, na kila dalili ina maana yake.

Pedali ikibonyea kama godoro, mara nyingi hewa imeingia katika mabomba. Inabidi kuitoa hewa kwa mafuta mapya, gurudumu kwa gurudumu. Pedali ikipanda baada ya kupigwa mara mbili tatu, inaweza kuwa hewa, au freni za nyuma zimelika na hazijakazwa. Lakini pedali ikishuka polepole huku mguu umekaza palepale, mafuta yanapata njia ya kutoroka. Fundi aangalie kwenye mipira ya freni, upande wa ndani wa magurudumu, na chini ya dashibodi pale pedali inapoanzia. Asipoona tone, na mafuta hayapungui katika chupa yake, basi mipira iliyo ndani ya metre-silenda imechoka. Hapo hata ukitoa hewa mara kumi, pedali itazama tena. Mwenye gari atalipa fundi mara tatu kwa kazi isiyofaa, halafu atasema gari imelogwa.

Sasa tuone yale tunayoyafanya badala ya kutengeneza. Wengine wanaongeza maji, hata maji ya sabuni. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mafuta mapya ya freni ya aina ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakizeeka na kunyonya unyevu yanaweza kushuka mpaka nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu, dereva akiwa amekalia freni, magurudumu yanawaka moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Ndiyo maana gari "inashika" vizuri katika barabara tambarare ya Bonde la Ruzizi, halafu pedali inafika chini kabisa katikati ya mlima. Yule kijana hakudanganya. Alisema ukweli wa tambarare akiwa mlimani.

Wengine wanaweka mafuta ya moteri. Hayo yanavimbisha mipira yote ya freni, na baadaye itabidi kubadilisha kila kitu. Na wengine, gurudumu moja likivuja, wanakunja bomba lake na kulipiga nyundo lizibe. Gari inabaki na freni tatu, na abiria hawaambiwi.

Najua majibu ya wenye magari. Wanasema vipuri ni ghali, barabara imeoza, barriere ni nyingi, na kila barriere inakula pesa. Ni kweli, na wanaokula pesa hizo wajue kwamba wanakula pesa ya freni. Wanasimamisha gari, wanaangalia karatasi, wanapokea chochote, na hakuna hata mmoja anayemwambia dereva akanyage pedali. Lakini mwenye gari naye asijifiche nyuma yao. Mipira ya metre-silenda ni vipuri vidogo. Anayepata pesa ya matairi na ya redio ya gari atapata na ya mipira hiyo.

Jibu moja tu linanigusa. Wanasema: "Risasi zikilia, nani atauliza freni?" Hapo nanyamaza. Siku ya risasi mtu anapanda anachokipata, na dereva aliyerudi kuchukua watu siku kama hiyo nampa heshima yake. Lakini siku nyingi si siku za risasi. Siku nyingi gari inakaa saa mbili kwenye parking ikisubiri ijae, na katika saa mbili hizo hakuna anayefungua hata kifuniko cha chupa ya mafuta ya freni. Mtu aliyehama akiwa hai mikononi mwa vita hastahili kufia mikononi mwa uzembe. Na kwa kuwa hana uwezo wa kuchagua gari nyingine, wajibu ni mkubwa zaidi kwa yule anayepokea nauli yake.

Kwa hiyo, haya ndiyo tunayotaka. Wakuu wa parking, kabla gari haijatoka, dereva apimwe mbele ya abiria. Moteri izimwe. Akanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha aikaze na kushikilia, watu wahesabu mpaka thelathini. Ikizama, gari ibaki. Halafu, mguu ukiwa bado juu ya pedali, awashe moteri. Katika gari zenye kisaidizi cha freni pedali itashuka kidogo na kusimama, hiyo ni kawaida. Ikiendelea kushuka, gari ibaki. Ni kazi ya dakika mbili, haitaki chombo wala karatasi.

Madereva, mteremko unashukwa kwa vitesi ndogo tangu juu, si kwa kukalia freni. Na pedali ikizama njiani, punguza vitesi, piga pedali haraka haraka, vuta freni ya mkono kidogo kidogo, na ukishindwa kabisa elekeza gari kwenye ukuta wa mlima. Ukifika salama, usiendelee. Shusha watu.

Mafundi, mteja akiomba maji ya sabuni, kataeni. Jina lenu ndilo linalobaki ndani ya gari ile.

Na sisi abiria, tuulize, tena kabla ya kulipa. Yule mama aliuliza swali zuri kuliko sisi wanaume wote tuliokuwa ndani, halafu alijibiwa kwa kicheko na sisi tukanyamaza, mimi nikiwa wa kwanza. Siku nyingine, mama akiuliza hivyo, tushuke naye wote, tusimame kando ya gari, na tuhesabu mpaka thelathini.